Somo Yangu wa Mwambani

Nyumbani kwetu Salala dada yangu Thuwaiba
aliitwa Ua.
Mimi niliitwa Pimbi.
Si kwa ubaya, baba alisema,
ila ukimpima mtoto kwenye fremu ya mlango
na alama ya penseli isipande miaka miwili,
ulimi hujitafutia jina wenyewe.
Akirudi kazini huimba akivua viatu:
*Ua langu la kiunga, pimbi wangu wa mwambani.*
Jina likaingia ndani, nalo likavua viatu, likakaa.

Leo nimepanda Jabali la Qara,
mama kiti cha mbele, Bi Shinuna wa Vuga,
miaka hamsini Omani na bado ukungu wa kharifu
anauita moshi wa baridi.
Magari ya Dubai na Kuwait yamejipanga pembeni,
watu wametandika, wanapuliza makaa yaliyolowa,
wanayapiga picha maua.

Ua lenyewe ni hili:
kikonyo cha majimaji, zambarau iliyofuliwa mara nyingi.
Mwezi wa tano hapa palikuwa ngozi ya ngamia tu, kavu, yenye mbavu.
Manyunyu ya wiki tatu, na huyo kasimama,
hajui kisima kiko wapi, hajui nani kazikwa wapi,
na anapendeza kuliko wenyeji wote.
Ukungu ukinyanyuka ataondoka bila kuaga,
mbegu kazifunga mchangani
kama pesa ya mwanamke kwenye pindo la kanga.

"Yule pale," mama ananigusa goti. "Somo yako."

Juu ya jiwe, kajikunja
kama mkate wa kumimina uliosahauliwa jikoni.
Mkia hana. Shingo ya kuvishwa mkufu hana.
Meno mawili yamechungulia nje kuangalia hali ya hewa.
Nyayo zake hutoka jasho, ndizo gundi yake,
na mwamba huu huu anaukalia Januari,
anaukalia Mei, jua linapopasua mawe.
Vitabu vinasema tembo ni jamaa yake wa damu.
Hajamtaja hata siku moja.

Basi nikaitoa mizani yangu ya utotoni,
nikaanza: huyu ana sura, yule ana subira,
huyu mgeni wa miezi miwili, yule mwenye mji,
huyu husifiwa na wapita njia, yule
hasifiwi, lakini nani yupo mvua ikikatika?
Nilikuwa nakaribia kushinda kesi.

Pimbi akashuka.
Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu wa haya,
akaliinamia ua, akalitia kinywani kwa upande,
akalitafuna.

Mama alicheka hata ushungi ukamteleza.
"Kumbe ndiyo maana mlikuwa hamlali chumba kimoja!"

Nikashuka garini nione alipokuwa amekaa.
Chini ya jiwe, michirizi myeupe ya mkojo wa miaka,
ukoo mzima umejisaidia hapo, baba na babu,
na kwenye ufa, katikati ya samadi ile,
ua lile lile,
refu kuliko yote ya mlimani, nene, halina aibu.

Simu ikalia. Thuwaiba, kutoka Sharja.
Sauti yake imekuwa nyembamba
tangu dawa zile zimnyoe nywele.
"Mko mlimani? Nitumie picha."
Nikasema maua mwaka huu ni mengi, subiri nichague.
"Maua wananiletea kila siku hapa, mpaka kwenye ndoo.
Nipigie pimbi."

Nikavizia. Nikapiga. Ukungu ukaingia katikati,
picha ikatoka jiwe tupu lenye sikio moja.
Nikatuma hivyo hivyo.

Mama alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko,
au machozi tu, sikumuuliza,
jibu lilipoingia:
"Hili jiwe, au wewe?
Usiondoke hapo kwanza. Piga nyingine."